Kura ya nne

Ndugu wasikilizaji, mlioko Dimayi, mlioko Sobongo, mlioko hapa komini ya Kamina yenyewe, na ninyi mnaotusikiliza kutoka vijiji vya kandokando ya reli, leo naomba tuzungumze juu ya kura ya nne.

Mnaikumbuka tarehe 20 Desemba 2023. Uliposimama mbele ya mashine ya CENI, tume ya uchaguzi, ulichagua mara nne. Ulianza na rais wa Jamhuri, ukaja kwa mbunge wa taifa, kisha mbunge wa jimbo. Mwisho kabisa, foleni ikiwa imejaa nyuma yako na watu wanalalamika, mashine ikakuomba umchague mshauri wa komini. Nimezungumza na wengi kuhusu siku ile. Rais waliyemchagua wanamkumbuka. Mbunge wanamkumbuka, maana alipita na nyimbo na magari. Lakini mshauri wa komini? Wengine walibonyeza namba ya chama kilekile cha juu. Wengine walimpa jirani, kwa sababu ni jirani. Wengine hawakumbuki walifanya nini.

Mimi nasema kura ile ndiyo iliyotuhusu sisi wa Kamina kuliko zote, na ndiyo tuliyoitumia vibaya kuliko zote. Ukitaka serikali ikupe hesabu ya fedha yako, anza kwa yule anayekaa avenyu ya pili kutoka kwako.

Tuangalie tumetoka wapi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilisema wazi, katika kifungu cha 3, kwamba miji, komini, sekta na sheferi ni mamlaka zenye uhuru wa kujiendesha, na kwamba zitaongozwa na vyombo vyake zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaja kueleza namna ya kufanya hivyo: kila komini iwe na baraza lililochaguliwa na wananchi, na baraza hilo lichague mkuu wa komini na msaidizi wake. Maneno mazuri. Lakini uchaguzi wa 2006 ukapita bila komini, wa 2011 ukapita, wa 2018 nao ukapita. Mwaka 2015 tume ilitangaza ratiba yenye uchaguzi wa mitaa tarehe 25 Oktoba. Siku hiyo ikafika, jua likachwa, hakuna sanduku lililofunguliwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa katiba alikuwa na miaka 17 tulipopiga kura ya komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba hiyo. Na hata hapo haikuwa nchi nzima, ilikuwa komini za miji mikuu ya majimbo. Sisi tulipata nafasi kwa sababu Katanga iligawanywa mwaka 2015 na Kamina ikawa makao makuu ya Haut-Lomami. Ndugu zetu wa Bukama, wa Kabongo, wa Kaniama na wa Malemba-Nkulu walichagua mara tatu tu.

Miaka yote hiyo ya katikati, meya aliwekwa kwa amri ya rais. Wakuu wa komini vilevile. Simtukani mtu yeyote aliyewahi kushika kazi hiyo hapa, wamo waliojitahidi. Lakini mtu hujibu kwa aliyemweka. Barua iliyomweka ikitoka Kinshasa, na macho yake yataelekea Kinshasa. Ukienda kumuuliza kwa nini mfereji umeziba, atakupokea kwa heshima, atakuonyesha kiti, na utatoka na heshima hiyo bila jibu.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema hesabu ianzie komini, na nitawapeleka sokoni.

Chukueni mama anayeuza samaki wakavu, wale wanaotoka kwenye maziwa ya upande wa Kinkondja. Amefika na mapambazuko, amepanga samaki wake juu ya meza, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Kabla hajauza hata mmoja, kijana wa takse amekwisha kusimama mbele yake na daftari. Mama anatoa noti kutoka kwenye fundo la kikwembe chake, noti iliyochakaa hadi namba hazionekani vizuri. Siku nyingine anapewa tiketi. Siku nyingine kijana anasema, "Mama, tiketi zimeisha, nitakuletea kesho," na anaondoka na noti. Siku nyingine tena anasema, "Mama, nipe nusu tu, tusiandike." Mama anatoa nusu. Ana watoto, na nusu ile iliyobaki ni chumvi ya leo.

Wengine watasema mama naye ana kosa. Mimi simlaumu. Hajawahi kuona hata franka moja ya takse yake ikirudi pale alipo. Mvua ikinyesha anasimama kwenye tope lilelile. Choo cha soko anakijua alivyokijua tangu zamani. Kwa nini atetee karatasi isiyomletea kitu?

Lakini tufanye hesabu, na nisisitize kwamba ni mfano, si takwimu za soko lolote. Tuseme soko lina meza 400, na kila meza inalipa franka 500 kwa siku. Hizo ni franka 200,000 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni franka 5,200,000 kwa mwezi mmoja, kutoka soko moja tu. Sasa muulize mtu anayetaka kiti cha komini: fedha hiyo ilichapishiwa vitabu vingapi vya tiketi? Vilianza namba gani, vikaishia namba gani? Vishina viko wapi? Jumla ya vishina inalingana na karatasi ya benki? Na tiketi zilizosemekana "zimeisha," ziliishia kwa nani?

Huo ndio uwajibikaji. Si lazima uwe na digrii ili kuuliza. Anayeweza kuhesabu madebe ya mahindi anaweza kuhesabu vishina vya tiketi.

Na hapa sheria iko upande wetu. Baraza la komini ndilo linalopitisha bajeti ya komini. Ndilo linalopokea hesabu za mwaka uliokwisha na kuzikubali au kuzikataa. Mshauri ana haki ya kumuuliza mkuu wa komini kwa mdomo au kwa maandishi, ya kumwita mbele ya baraza ajieleze, ya kudai tume ya uchunguzi. Mambo yaliyo chini ya komini ni yale tunayoyagusa kila siku: soko, usafi, mifereji, njia ndogo za ndani, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Hakuna waziri anayejua bei ya cheti cha kuzaliwa pale dirishani. Mshauri wa komini anaweza kuijua, na anaweza kuuliza kwa nini bei ya dirishani si ile iliyobandikwa ukutani, kama kuna kilichobandikwa.

Kuna na fedha nyingine ambayo watu wengi hawajaambiwa. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa katika jimbo ni haki ya jimbo, nayo yabaki humo yanapokusanywa. Sheria ya 2008 ikaongeza: katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 iende kwa miji, komini, sekta na sheferi. Kwa hiyo kila franka 100 ya mapato hayo, 40 ni za jimbo, na ndani ya hizo 40, franka 16 ni za ngazi yetu ya chini. Kila mtu anayefuata mambo ya serikali nchini humu anajua kwamba fungu hilo haliji lote, na likija linachelewa. Lakini mkuu wa komini akikuambia "hakuna fedha," swali la mshauri ni jepesi na ni zito: katika miezi hii mitatu, jimbo lilitutumia kiasi gani, tarehe gani, na barua ya kudai kilichobaki iko wapi? Komini isiyoandika barua ya kudai haki yake, nayo ina lake la kujibu.

Tumezoea kusikia habari za wizi mkubwa. Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu kwa ajili ya fedha za mradi wa shamba la Bukanga-Lonzo. Watu walikaa kando ya redio, wakabishana, kila mtu na upande wake. Ni habari kubwa, na ilistahili kusikilizwa. Lakini baada ya kuzima redio, nani kati yetu aliuliza hesabu za komini yake mwenyewe? Tunajua zaidi habari za mamilioni ya dola ya shamba ambalo hatujaliona kuliko habari za noti tunayoitoa kila asubuhi kwa mkono wetu.

Sasa niseme na wewe kijana, na wewe mama, unayefikiri kugombea. Ratiba ikiheshimiwa, miaka mitano inatupeleka mwisho wa 2028. Usingoje. Lakini kabla hujachapisha picha yako, nisikilize.

Usiahidi barabara ya lami. Usiahidi daraja, wala hospitali, wala umeme. Mshauri wa komini hana mamlaka hayo wala hana fedha hizo, na mtu anayeomba kura ili kudai ukweli kwa wengine hawezi kuanza kwa uongo. Ahidi yale sheria inayokupa: nitauliza, nitaandika, nitarudi kuwaambia nilichojibiwa. Watu watakuambia hiyo ahadi ni ndogo. Mimi naiona kubwa, kwa sababu tangu nchi hii ipate uhuru ni wachache mno waliotupa hiyo.

Watakuuliza vilevile, "Yaya, umetuletea nini?" Hilo ndilo jaribu lenyewe. Utaona wenzako wanagawa vikwembe, fulana, chumvi, bia. Majuma mawili hivi ya kampeni yanatosha kuwafanya watu wazima wasimame mstari kama watoto wa shule. Ukigawa na wewe, umekwisha. Fedha uliyogawa itabidi irudi, nayo itarudi kutoka kwenye vishina vya tiketi za yule mama. Mgombea wa uwajibikaji aanze na hesabu yake mwenyewe: nimepata kiasi hiki, kutoka kwa hawa, nimetumia hivi. Aiseme mbele ya watu, kwenye uwanja, kabla hajaulizwa. Hapo ndipo atakuwa na mdomo wa kumuuliza mwingine.

Najua vikwazo. Kura zetu huhesabiwa kwa orodha za vyama. Kura yako inaiinua kwanza orodha, kisha wewe ndani yake. Peke yako, hata ukipendwa na avenyu nzima, unaweza kubaki nje kwa sababu orodha yako haikufika kiwango. Kwa hiyo utalazimika kuungana na watu, na hapo chagua vizuri unaoungana nao, maana chama kitakutaka unyamaze siku mtu wake atakapoulizwa. Kuhusu dhamana ya kugombea, sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 iliweka jambo ambalo mama zetu hawajalitumia vya kutosha: orodha yenye wanawake nusu au zaidi husamehewa dhamana hiyo. Mama wa sokoni anayeongoza likelemba, ile michango ya zamu, anayeshika fedha za wenzake 20 bila franka kupotea, amekwisha kufanya mtihani wa kazi hii. Namtaka yeye kwenye baraza kabla ya mtu yeyote anayekuja na koti la kuazima.

Na kuna hatari moja ambayo lazima niiseme bila kuzunguka. Kwa sheria yetu, washauri wa komini ndio wanaomchagua mkuu wa komini. Ndio pia wanaochagua washauri wa mji, na hao wa mji wanamchagua meya. Yaani kundi dogo, linalotosha chumba kimoja, linaamua nani atawale. Kundi dogo hununulika kirahisi. Tuliona mwaka 2019 wabunge wa majimbo walipochagua maseneta: shutuma za hongo zilipamba moto nchi nzima, hata tarehe 18 Machi rais akasimamisha kuanza kazi kwao. Tukaona tena Januari 2024, CENI ilipofuta kura za wagombea 82, wa ngazi mbalimbali na wakiwemo wakubwa wa serikali, kwa udanganyifu na makosa mengine ya uchaguzi. Kwa hiyo tunapomchagua mshauri tunachagua mtu atakayefuatwa usiku na bahasha. Tumuulize mapema, hadharani: utampigia nani kura ya mkuu wa komini, na kwa sababu gani? Utakubali kuipiga kwa kunyosha mkono wazi? Mtu anayesema "hiyo ni siri yangu" ameanza biashara.

Tena, hatua hizo za juu, kuchagua wakuu wa komini na mameya, ziliahirishwa baada ya 2023 na kuahirishwa tena. Washauri waliochaguliwa sehemu nyingi za nchi walikaa muda mrefu wakilia kwamba hawapewi mahali pa kazi wala malipo. Inaumiza. Lakini mshauri asiye na ofisi bado ana mdomo na kalamu. Hakuna sheria inayomkataza kusimama kwenye kona ya soko Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, na kusema: wiki hii niliuliza hili, nikajibiwa hili.

Kuna pia jambo la kabila katika kura hii. Mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komini katika miji michache, Élisabethville ukiwamo, yaani Lubumbashi ya leo. Matokeo yalipotoka, wakuu wa komini za Waafrika wote walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Ghadhabu iliyofuata ilisaidia kuzaa chama cha CONAKAT mwaka 1958, na mnajua njia iliyotokea hapo hadi kujitenga kwa Katanga. Tukaja tukaona 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai wakifukuzwa, treni zimejaa watu na magunia zikielekea Kasai kwa reli hii inayopita mlangoni petu. Kamina ni mji wa reli. Reli ilileta watu wa kila lugha, wakazaa hapa, wakazikana hapa. Mgombea akisimama na kusema "nipeni kura kwa sababu ni wa kwetu," mwambieni tumekwisha kulipa bei ya neno hilo. Takse ya soko haimuulizi mama lugha aliyozaliwa nayo. Mluba analipa, Mlunda analipa, Mkasai analipa. Hesabu yake nayo wapewe wote.

Na asije mtu kutuambia kwamba kumdai mkubwa hesabu ni desturi ya Wazungu. Sisi tulio katika nchi ya Waluba tuna historia yetu. Bambudye walikuwa chama cha watunza kumbukumbu katika ufalme wa Waluba. Walikuwa na lukasa, ubao wa mti uliopambwa kwa shanga na kauri, na mjuzi aliupitishia kidole akisoma habari za wafalme, safari zao, miiko yao, mipaka ya uwezo wao. Mfalme alikuwa mkubwa, lakini walikuwapo watu waliojua kanuni za ufalme kwa moyo, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuuzuia ufalme usikue bila mpaka. Mshauri wa komini anayeweka daftari la maswali na majibu, lenye tarehe, anafanya kazi ambayo babu zetu waliiheshimu kiasi cha kuifanyia mafunzo na daraja.

Mtaniuliza, kuuliza tu kunabadilisha kitu? Nitawapa mfano wa jirani. Uganda, kati ya 1991 na 1995, serikali ilikuwa inatuma fedha za uendeshaji wa shule za msingi. Watafiti walipofuatilia shule moja moja, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Zilizobaki ziliishia njiani, wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Miaka michache baadaye, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Zipo sababu nyingine pia, wataalamu wanabishana ni kiasi gani kilitokana na matangazo yale. Lakini mzazi aliyejua kwamba shule ilitumiwa fedha hakuwa mzazi yule wa jana.

Hata hapa kwetu Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kivu ya Kusini ilijaribu bajeti ya pamoja. Komini za Bukavu kama Ibanda na Bagira, na sheferi kama Luhwindja, ziliita wakazi wakae, wapige kura juu ya kipi kitengenezwe kwanza kwa fedha ya uwekezaji, na simu za mkononi zikatumika kutuma ujumbe wa mikutano. Bukavu si Ulaya. Ni mji wa Kongo wenye taabu zilezile zetu, na zaidi.

Kwa hiyo nini kifanyike Kamina? Jambo la kwanza kwangu ni lugha. Bajeti ya komini imeandikwa Kifaransa, kwa maneno ambayo hata aliyemaliza sekondari hayaelewi vizuri. Mgombea wa kweli aichukue, aitafsiri kwa Kiswahili na Kiluba, ukurasa mmoja tu: tulitegemea kupata hiki, tumepata hiki, tumetumia hapa. Aibandike kwenye mti wa soko, mlangoni pa parokia, kwenye kanisa la Metodisti, kwenye msikiti, pale gare ambapo watu wanangoja treni muda wote wanaongoja. Ailete hapa redioni. Nampa ahadi hadharani, tutaisoma yote, na mkuu wa komini tutampa dakika zilezile kujibu, kwa heshima. Uwajibikaji hauhitaji kumfokea mtu. Mkuu wa komini anayefanya kazi safi ndiye atakayefurahi kuliko wote siku hesabu itakaposomwa, maana leo anabeba jina baya la wengine.

Na sisi wapiga kura tuna sehemu yetu. Mshauri akiuliza peke yake atachoka, au atatishwa, au atanunuliwa. Baraza likikaa, twendeni tukasikilize. Vikao vyake ni vya wazi, isipokuwa lenyewe likiamua kufunga mlango, na likiufunga, tuulize kwa nini. Watu 10 tu wakikaa kimya nyuma ya chumba, mazungumzo ya mbele yanabadilika.

Ninyi mama zangu wa sokoni, naomba kitu kimoja kwa mwezi huu. Ukilipa, dai tiketi. Ukinyimwa, usigombane na kijana yule, naye ana njaa yake. Andika tu siku hiyo kwa mkaa, kwenye ubao, kwenye boksi, popote. Tiketi zote zifunge kwa uzi. Mwisho wa mwezi zileteni hapa studio, pamoja na siku zile mlizoandika, tuzihesabu mbele ya kipaza sauti, kisha tuwaite washauri wa komini zetu tatu waje watuambie jumla waliyo nayo wao.